Ukifiwa na Mbwa, Utamwambia Nini Mkubwa wa Kazi?

Mpenzi msomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo najua litawachekesha wengi wenu. Cheka kwanza, ukimaliza turudi kwenye maneno.

Je, mtu aliyefiwa na mbwa wake, au paka, au ng'ombe, anaweza kumwendea mkubwa wake wa kazi na kuomba ruhusa ya siku moja tu akae nyumbani? Na mkubwa huyo ampe, tena asimkate mshahara?

Nilipowauliza shoga zangu swali hili tukiwa kwenye chama chetu cha akina mama, mmoja aliangua kicheko hadi chai ikammwagikia. "Haya ni mambo ya Wazungu," akasema. "Mimi nilinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika shangazi aliyenilea, na wewe waniletea habari za paka!"

Sikuwa na jibu la haraka. Shoga yangu alikuwa na haki ya kukasirika. Ukiifungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo ndiyo inayotuongoza hapa Kenya, utapata likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 21 za kazi. Utapata miezi 3 ya uzazi kwa mama na majuma 2 kwa baba. Utapata na siku za ugonjwa. Likizo ya kufiwa hutaiona katika orodha hiyo, hata kama aliyekufa ni mama yako mzazi. Wengi hupewa siku hizo kwa sababu chama cha wafanyakazi kilipigania zikaandikwa katika mapatano, au kwa sababu ya kanuni za kampuni, au kwa hisani tu ya mwajiri mwenye utu. Asiye na moja ya hayo hukatiwa siku zake za likizo ya mwaka, ama hupiga magoti.

Lakini hilo la kusema kwamba kumlilia mnyama ni mambo ya Wazungu, hapo nilikataa. Ni kweli kwamba wao wametangulia kulifikisha jambo hili ofisini. Mwaka 2017, mwanamke mmoja wa Italia, mfanyakazi wa chuo kikuu mjini Roma, alipewa siku 2 za likizo yenye malipo ili amuuguze mbwa wake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sheria ya nchi yake humtisha kwa kifungo cha hadi mwaka 1 mtu anayemtelekeza mnyama, basi angewezaje kumwacha mgonjwa peke yake nyumbani? Na huyo, tafadhali kumbuka, alikuwa bado hai.

Sasa njoo hapa kwetu. Nenda Turkana, uulize wazee. Mwanamume wa huko huwa na dume lake la ng'ombe alipendalo, akalitungia nyimbo, na hata yeye mwenyewe akaitwa kwa jina linalotokana na rangi au pembe za dume hilo. Mtu wa namna hiyo likimfia ng'ombe, utamwambia asihuzunike kwa kuwa huzuni hiyo ni ya kizungu? Au nenda Laikipia, katika hifadhi ya Ol Pejeta. Kifaru Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alikufa hapo tarehe 19 Machi, 2018, akiwa na umri wa miaka 45. Watunzaji wake walikuwa naye tangu alipoletwa kutoka Jamhuri ya Cheki mwaka 2009. Dunia nzima ililia kwa siku mbili tatu ikasahau. Wao walibaki na majike mawili, Najin na Fatu, ambao walihitaji kulishwa na kulindwa kesho yake asubuhi kama kawaida.

Nimezunguka sana, mpenzi msomaji, kwa sababu kuna jambo nilikuwa naona haya kulisema. Acha niliseme.

Mwaka 2022, ule wa ukame mkali, nyumbani kwangu tulikuwa na msichana wa kazi kutoka Kitui. Asubuhi moja alipigiwa simu na kuambiwa kwamba ng'ombe wao amekufa. Alikuwa mmoja tu. Wengine walikuwa wameuzwa kwa bei ya kutupa kabla hawajaanguka. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia mdogo wake karo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemlea tangu akiwa ndama, akimpeleka mtoni kabla ya kwenda shule.

Alikuja sebuleni akasimama karibu na mlango. "Mama," akasema, "naomba siku mbili niende nyumbani. Ng'ombe wetu amekufa."

Nami, kwa mdomo huu unaokushauri kila Jumapili, nikamjibu, "Kwani ng'ombe ni shangazi yako?" Nikadhani nimefanya mzaha. Aliinama, akarudi jikoni. Siku hiyo chapati zilipikwa, nguo zikafuliwa, watoto wakaogeshwa. Hakuna kilichoharibika, na kwa kuwa hakuna kilichoharibika nikaona nimeamua vyema.

Haikupita miezi mitatu, mbwa wetu Simba akapewa sumu na wezi. Alikuwa na miaka 9. Kitinda mimba wetu alijifunza kutembea akishika shingo ya mbwa huyo. Mume wangu, ambaye sijapata kumwona akitoa chozi hata alipofiwa na babake, alikaa kwenye ngazi za nyuma tangu alfajiri hadi saa nne. Kisha akaipigia ofisi yake simu, akasema tumbo linamsokota. Wakamwambia alete karatasi ya daktari, maana sheria inawaruhusu kuidai. Akaenda zahanati, akaeleza maumivu asiyokuwa nayo, akaandikiwa dawa na mapumziko ya siku 2. Dawa zile tulizitupa.

Na kaburi la Simba lilichimbwa na nani? Na yule msichana. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni akipiga jembe, na hapo ndipo maneno yangu ya ng'ombe na shangazi yaliponirudia. Yeye hakuyataja. Aliwaonyesha watoto jinsi ya kupanda ua juu ya udongo, akaenda kunawa, akaendelea na kazi.

Tazama basi hesabu ya nyumba yangu. Bwana alipata siku 2 za kumlilia mbwa, kwa uongo. Msichana aliyesema kweli hakupata hata saa moja. Na la kuniumiza zaidi nililijua baadaye nilipoisoma ile sheria: alikuwa amefanya kazi kwangu miezi 14 bila ya likizo. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine, na zile siku 21 ni zake. Nilidhani ananiomba hisani, kumbe alikuwa ananidai. Aliondoka mwisho wa mwaka huo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama serikali itunge sheria ya likizo ya kufiwa na mnyama, nitakwambia la. Ianze na shangazi za watu. Isitoshe, sheria ya namna hiyo itazua ubishi usiokwisha. Je, kuku naye? Je, samaki wa kwenye chupa? Na mwenye duka aliye na mfanyakazi mmoja, duka lifungwe kwa sababu ya sungura? Wapo pia wasiofuga mbwa kwa sababu za dini, ambao wataona wenzao wanapewa siku wao hawana.

Ninalolitaka ni dogo zaidi. Mwajiri aandike katika mkataba siku 2 au 3 kwa mwaka, mbali na likizo, ambazo mfanyakazi anaweza kuzichukua bila ya kuulizwa nani amekufa. Hatachukua zaidi ya hizo, basi mwajiri ana hasara gani? Hivi sasa siku hizo zinachukuliwa hata hivyo, ila kwa njia ya tumbo linalosokota, au kwa yule nyanya ambaye kila ofisi inamjua, anayekufa Machi, akafa tena Agosti. Karani mwenye kulilia paka wake hawezi kusema paka, kwa hiyo anamuua nyanya. Na mkubwa wake, akijua anadanganywa, humnyima ruhusa hata yule ambaye nyanya yake amekufa kweli.

Na wale ambao kazi yao yenyewe ni mnyama, kama askari anayelala lindo na mbwa mmoja miaka mitano, hao nawaweka kando kabisa. Mbwa huyo akifa, askari asipewe mwingine usiku uleule na kuambiwa, "Haya, endelea."

Mwaka jana nilimtafuta yule msichana kwa simu. Nikapiga hesabu ya siku zake zote nilizomla, nikamtumia fedha zake. Alishukuru kwa adabu ileile. Kisha akauliza kama ua la Simba lilishika. Nikamwambia lilishika. Nikamwuliza kama walipata ng'ombe mwingine. Akasema bado, wana mbuzi wawili.

Wewe mwajiri unayesoma haya, niandikie unieleze: kwako kuna siku za namna hii, au wafanyakazi wako wangali wanawazika nyanya zao kila mwezi? Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.