Kiraka Si Dhambi, Kuficha Kiraka Ndiyo Dhambi

Kila nikipaki Subaru yetu mjini Kisii, maswali huwa ni mawili: "Inakimbia ngapi?" na "Unaiuza?" Hakuna msee amewahi kuniuliza inasimama aje. Tunapenda sauti, tunapenda kasi, lakini yaliyo chini ya boneti tunawaachia Mungu na fundi.

Kwa wale hawaijui, mimi na binamu yangu tuna Impreza WRX ya 1998, ile shepu ya kwanza iliyotengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000. Ni manyuali, injini ya lita 2 na tabo, silinda nne zimelala mbili mbili kila upande. Gari imenizidi umri. Ni ya ukoo ule ule wa Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997. Na kabla ya huyo Mskoti, Mkenya Patrick Njiru alikuwa ameshamaliza wa nne kwenye Safari ya 1994 akiwa na Impreza. Kwa hivyo mtu akiniambia hii si gari ya historia, ni mzee tu wa mitumba, namwacha aongee.

Tuliinunua mwaka jana. Kabla ya kuiendesha popote mbali tuliipeleka kwa fundi mmoja huku Nyamira, mzee ambaye haongei sana. Alilala chini ya gari karibu saa nzima. Alipotoka, hakusema gari ni mbaya. Alisema, "Kijana, hii gari si mgonjwa. Hii gari imedanganyiwa."

Wacha nikuonyeshe uongo wenyewe.

Wa kwanza: thamostati haikuwepo. Hii ni kawaida sana Kenya. Gari ikichemka, mtu anang'oa thamostati, anaweka maji ya mfereji, anakwambia enda. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rediata mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeamka, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Unakunywa mafuta kama lori na bado chanzo cha kuchemka hakijaguswa. Kwetu chanzo kilikuwa kifuniko cha rediata kilichochoka. Kisii iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi. Kifuniko kizuri kinashika presha ili maji yavumilie joto zaidi ya hapo. Kifuniko kikifa, mlima mmoja tu na mvuke unatoka. Kwa hivyo mtu alikwepa kununua kitu kidogo kabisa, akang'oa kitu kingine kilichokuwa kizima.

Wa pili: taa ya injini kwenye dashibodi haikuwa inawaka hata ukiwasha swichi. Balbu ilikuwa imetolewa. Mtu hakutengeneza tatizo, alimnyamazisha shahidi.

Wa tatu: fyuzi moja ilikuwa imeungua, na badala ya fyuzi mpya kulikuwa na kipande cha waya. Fyuzi imetengenezwa ikatike ili waya wa gari usishike moto. Ukiweka waya mahali pa fyuzi, umeamua kwamba kitakachoungua ni gari.

Wa nne: spesa za kuinua gari juu ya springi, kwa sababu ya barabara zetu. Sawa, matuta tunayajua. Lakini ziliwekwa ndefu mpaka eksoli zikakaa kwa pembe mbaya na mipira yake ikapasuka, grisi ikaisha, vumbi likaingia. Tairi nazo, mbili za saizi moja na mbili za saizi nyingine, kwenye gari inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hapo difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hata ukienda moja kwa moja, mpaka inajipika.

Wa tano ndio ulionyamazisha watu wote pale gereji. Bomba la breki la gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limetoboka. Mtu alilikunja, akalipiga nyundo mpaka likaziba, kisha akaongeza mafuta ya breki. Pedali ikawa ngumu vizuri tu. Ukijaribu gari kwenye tambarare, huwezi kujua. Sasa chukua hiyo gari, jaza watu wa kwenu, teremka kutoka Keroka kuja Kisii jioni mvua ikinyesha, mbele yako kuna trela na boda tatu. Una breki za magurudumu matatu na hujui.

Najua mahali wengi wenu mmeshafika: "Mafundi wa jua kali ni wabaya." Hapo mimi sikubaliani, na ndiyo sababu naandika hii.

Fundi hakuamka asubuhi akaamua kuziba bomba la breki kwa nyundo. Mwenye gari alifika, akaulizwa bomba jipya, akasema hana pesa. Akasema, "Nifanyie tu itembee." Hiyo sentensi ndiyo imeharibu gari nyingi zaidi ya barabara zetu zote. Fundi akikataa, mteja anavuka barabara anaenda kwa mwingine. Fundi naye ana watoto. Kwa hivyo anafanya, itembee. Na mzee aliyegundua uongo wote huo kwenye gari yetu ni wa jua kali pia. Hana kompyuta ya kupima. Ana tochi, spana na masikio.

Na mimi sina shida na kiraka chenyewe. Hii ni Kenya. Kuna siku uko Kebirigo, ni usiku, umeme wa gari umekatika, na waya na seloteipu vitakufikisha nyumbani. Huo ni ujuzi, tena wa kujivunia. Safari Rally yenyewe ilijengwa na watu wa aina hiyo. Miaka ile ya zamani gari zilivunjika porini na watu wakazifunga na chochote kilichopatikana ili zifike kituo kinachofuata cha mafundi. Lakini zikifika, dereva anasema: hapa tumefunga hivi, badilisheni. Kiraka kilikuwa na mwisho wake, na kilikuwa na mtu anayekijua.

Kiraka cha kwetu hakina mwisho. Kinafungwa leo, kinasahaulika kesho, mwezi ujao gari inaoshwa, inapakwa rangi, inapigwa picha kando ya barabara yenye majani mazuri, inauzwa. Anayenunua anachukua kiraka bila kujua kama ni kiraka. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Shida ni kwamba kwenye gari, anayeficha maradhi ni mmoja na anayekufa ni mwingine.

Sasa sikia kitu kilichoniuma kuliko hata lile bomba. Kwenye droo ya dashibodi tulipata daftari la matengenezo la huko Japani. Huko gari hukaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka 3 kisha kila baada ya miaka 2, na kazi zinaandikwa. Daftari letu limejazwa kwa Kijapani, tarehe na kilomita, mpaka gari ilipopakiwa melini mwaka 2005. Baada ya hapo, kurasa nyeupe. Miaka 7 ya Japani ina maelezo. Miaka yote ya Kenya haina hata mstari mmoja. Mmiliki baada ya mmiliki, wote kimya.

Na hatuna uhuru wa kusema "tutanunua ingine." Sheria yetu ya kuingiza gari, kwa kawaida, inakataa gari iliyotumika ikizidi miaka 8. Maana yake Impreza za shepu hii zilizoko Kenya ndizo hizo hizo zilizoko. Kila moja ikiungua kwa sababu ya fyuzi ya waya, au ikikatwa iuzwe vipande vipande Grogan, hakuna nyingine inayokuja kutoka Mombasa kuchukua nafasi yake. Hivyo hivyo kwa zile Peugeot 504 za wazee wetu na Datsun zilizobaki vijijini. Tunachokirithi ndicho tutakachorithisha.

Nasi wa kamera tuna kazi hapa. Video ya sauti ya ekzosi inatazamwa na watu kibao. Video ya thamostati inatazamwa na binamu yangu na mama yake. Lakini nitaendelea kuipiga ile ya pili, kwa sababu kijana wa miaka 19 anayeweka akiba ya boda anunue Subaru yake ya kwanza anastahili kujua anachonunua.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari ya zamani, acha kwanza hiyo sauti. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini, taa ya oili na taa ya betri lazima ziwake, kisha zizime gari ikinguruma. Kama kuna moja haikuwaka kabisa, uliza balbu iko wapi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rediata uone kama ni kulanti au maji yenye kutu. Fungua kisanduku cha fyuzi. Soma saizi za tairi zote nne. Uliza mkanda wa taiming'i ulibadilishwa lini, kwa sababu kwenye injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika valvu zinapinda. Halafu lipa fundi unayemwamini alale chini ya gari kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa ilalwe chini, ameshakujibu.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye gari, nunua daftari la shilingi hamsini. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, nani alifanya. Ukiweka kiraka, andika "kiraka" na uandike kitatolewa lini. Siku ya kuuza, mpe mtu gari na daftari. Pengine atapunguza bei kidogo. Sawa. Hizo elfu kumi zilizopungua ni za mtu atakayefika kwao salama.

Kuna watu huniuliza mbona niliacha chuo ili nije kushinda nikipaka grisi. Karo iliisha mwaka wa pili, ndiyo jibu fupi. Jibu refu ni kwamba pale gereji nimekutana na somo ambalo sikuwa nimelipata darasani: ukiona kazi mbovu ya mtu aliyekutangulia, usianze na matusi. Uliza alikuwa anakwepa nini. Mara nyingi alikuwa anakwepa gharama, na wakati mwingine aibu. Halafu itengeneze vizuri, na uandike, ili anayekuja baada yako asianze na kazi ya upelelezi.

Bomba la breki tuliweka jipya. Thamostati ipo, fyuzi ni fyuzi, tairi zinafanana. Kwenye lile daftari la Kijapani, chini ya mstari wa mwisho wa 2005, tumeanza kuandika kwa Kiswahili.