Aliyejua Saa ya Kugeuza
Kila Mei namkumbuka Rob Hall, mpanda milima wa New Zealand aliyefia Everest mwaka 1996 akiwa na miaka 35. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1990 yeye na rafiki yake Gary Ball walipanda vilele virefu kuliko vyote vya mabara saba kwa miezi saba, Kilimanjaro yetu ikiwemo. Kilele cha Everest alikifikia mara tano. Wateja aliowaongoza mlimani aliwapa sharti: saa nane mchana ikikukuta hujafika juu, geuza. Siku ile ya Mei 1996 sharti lililegezwa. Mteja wake Doug Hansen, mfanyakazi wa posta ambaye Hall alimrudisha karibu na kilele mwaka 1995, alifika juu yapata saa kumi, kisha akaishiwa nguvu. Hall hakumwacha. Jioni ya pili akiwa bado juu mlimani, mikono imeshaharibiwa na baridi, aliunganishwa kwa redio na simu ya setilaiti na mkewe, Jan Arnold, aliyekuwa mjamzito nyumbani. Jan ni daktari, na alikuwa amefika kilele hicho pamoja naye mwaka 1993, hivyo alijua vyema mumewe amekwama wapi. Hall alimsihi asihangaike mno. Binti yao, Sarah, alizaliwa Julai. Wapo wanaomlaumu, na wana haki ya kumlaumu. Heshima nayo ni haki yake. Nanyi mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro, mwongozaji akisema rudini, rudini. Kilele hakihami, na nyumbani mnasubiriwa.