Ajali Ina Kinga

Iko methali ambayo hutamkwa nchini mwetu baada ya kila msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Wazee huitamka kwa sauti ya huruma, madereva huirudia kwa sauti ya kujitetea, na ikisha kutamkwa, swali lililostahili kuulizwa haliulizwi tena. Naheshimu maneno ya wahenga. Lakini nathubutu kusema kwamba methali hii, kwa namna itumiwavyo juu ya safari zetu za sikukuu, imekuwa kichaka cha kufichia uzembe. Ajali nyingi zina kinga. Na ajali impatayo mtoto mdogo safarini ina kinga kuliko nyingine, kwa sababu mtoto hakuchagua saa ya kuondoka, wala gari, wala mwendo, wala mahali pa kukaa. Yote hayo alichaguliwa na watu wazima wampendao.

Tazameni mambo yalivyo kila mwezi wa Desemba. Shule zikisha fungwa, jamaa nyingi za Nairobi hufunga mizigo kwenda kula sikukuu kwa babu na bibi huko magharibi. Njia yao hupita katikati ya Bonde la Ufa: Naivasha, Gilgil, Nakuru, kisha kupanda mpaka Mau Summit. Wengi huondoka usiku, na ukiwauliza sababu watakupa tatu: mtoto atalala asisumbue, barabara itakuwa tupu, na tutafika mapema. Sababu hizi hufanana na busara, lakini kufanana si kuwa.

Kwanza, barabara hiyo si tupu usiku. Ndiyo njia ya mizigo ya bandari ya Mombasa iendayo Uganda na Rwanda, na malori hayalali. Kutoka Mau Summit kuja Salgaa na Ngata pana mteremko mrefu. Lori lililobeba shehena nzito likishuka hapo kwa kutegemea breki peke yake, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Na dereva akiiacha gia huru ili kuokoa mafuta, hana tena kitu cha kulizuia. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso mahali paitwapo Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Baada ya msiba huo serikali ilisimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi ya abiria. Basi, nauliza: kama ajali haina kinga, serikali ilikuwa ikizuia nini?

Pili, twaambiwa mtoto atalala. Naam, atalala, lakini atalala wapi? Aghalabu hulala mapajani mwa mama yake, na mama huamini kwamba hakuna mahali palipo salama kuliko hapo. Upendo wake ni wa kweli, lakini hesabu yake si sahihi. Mwanafunzi aliyesoma fizikia aweza kuikagua mwenyewe. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini, likigonga kitu huwapata waliomo sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Likienda kilomita 80, ni kama kuanguka kutoka mita 25. Tena, gari liendalo kilomita 50 likisimamishwa ghafla katika nafasi ya nusu mita, mtoto wa kilo 12 huvuta kwa nguvu kama ya kitu chenye uzito wa kilo 240, yaani zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Ni mama gani awezaye kudaka magunia mawili ya mahindi yarushwayo kwake kwa ghafula?

Wala sisemi haya kama mtu asiyekosa. Mwaka mmoja nilisafiri na jamaa zangu kutoka Nakuru kwenda Molo, nami nilikuwa nimempakata mpwa wangu wa miaka mitatu katika kiti cha mbele. Tulikuwa tukienda polepole. Punda alikatiza njia, dereva akakanyaga breki, na gari likasimama bila kugusa kitu. Lakini mtoto alinitoka mikononi kama kipande cha sabuni iliyolowa, akajipiga paji la uso kwenye dashibodi. Damu ilimwagika juu ya nguo yake mpya ya sikukuu. Alipona, twashukuru, ila kovu analo mpaka leo. Jamaa wote walinifariji kwa neno lile lile: ajali haina kinga. Nilinyamaza kwa aibu, maana kinga ilikuwapo. Nilikuwa nimejifunga mkanda mimi mwenyewe.

Hapa hujibiwa kwamba kiti cha mtoto ni kitu cha matajiri. Kwa mwenye gari lake, jibu hili halina uzito. Mtu aliyeweza kununua gari, kulijaza mafuta mpaka Kisumu au Busia, na kuchinja mbuzi atakapofika, hawezi kusema kwamba fedha zilimwishia alipofika kwenye kiti cha mwanawe. Kwa asafiriye kwa matatu neno hilo lina haki zaidi, na singependa kumlaumu kwa kukosa asichopewa. Hata hivyo kinga zake bado zipo. Aweza kuondoka asubuhi badala ya usiku; aweza kukataa gari lililojazwa kupita kiasi; aweza kumlipia mtoto mkubwa kiasi nafasi yake, afungwe mkanda wake, asibanwe wawili katika kiti kimoja; na aweza kumwambia dereva anayekimbia apunguze mwendo. Abiria mmoja akisema ataitwa mwoga. Wakisema wote, dereva atasikia.

Imebaki sababu ya tatu, kufika mapema. Nami nauliza: mapema kuliko nani? Babu na bibi wamengoja mwaka mzima. Hawatashindwa kungoja mpaka alasiri. Zaidi ya hayo, haraka ile ile imwondoleayo mtoto usalama humwondolea na faida ya safari. Mchana, kutoka ukingoni mwa bonde, angeuona mlima Longonot na shimo lake kileleni. Karibu na Gilgil angeonyeshwa Kariandusi, yalipofukuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale. Angeona maji ya Elmenteita, ziwa ambalo pamoja na Nakuru na Bogoria liliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia. Nakuru kwenyewe, jamaa wangenyoosha miguu Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alichimba mabaki ya makazi ya kale mwaka 1937, au wakasimama ukingoni mwa Menengai na kutazama kinywa cha volkano. Dereva angepumzika, mtoto angekojoa na kucheza, na safari ingekuwa salama zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Mzazi apitaye mahali pote hapa gizani kwa mbio amemchukua mwanawe kama mzigo, si kama msafiri.

Vijana wasomaji, ninyi bado hamshiki usukani, na huenda mkadhani kwamba maneno haya ni ya wazazi wenu. La, yanawahusu. Ninyi ndio mnaoketi kando ya wadogo zenu. Ninyi ndio mnaojua hesabu ya magunia ya mahindi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kujitetea, na desturi yetu haimruhusu kijana kumkaripia mkubwa wake. Lakini desturi hiyo haijapata kumkataza kijana kusema kweli kwa adabu. Basi sikukuu ijapo, mizigo ikianza kufungwa jioni, mwendee mzazi wako umwambie: Baba, nakuomba tuondoke asubuhi, na mtoto tumfunge kitini pake. Na akikujibu kwamba ajali haina kinga, mwonyeshe mkanda aliojifunga yeye mwenyewe.