Petroli ya Gari Kuukuu Yataka Daftari
Husemwa Kisii na Nyamira kwamba Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na kuunganishwa pia humu nchini, ni lafi wa petroli. Sikubaliani. Uzee si kosa. Kosa ni kutolitunza. Kabureta haijirekebishi yenyewe. Katika vilima vyetu vinavyopita mita 1,700, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa pwani humimina petroli kupita kiasi, na mwalimu hulipia moshi. Basi anayeliendesha kila siku na ajaze tangi, aandike kilomita, ajaze tena, kisha agawe kilomita kwa lita. Wanafunzi nao waifanye hesabu hiyo darasani. Kilomita zikipungua, amwone fundi kabla ya kulilaumu gari. Mali bila daftari huisha bila habari.