Msiwasingizie Wachawi

Wako watu Kitale na Bungoma ambao, wamwonapo jirani amevimba tumbo na macho yamegeuka manjano, hunong'ona kuwa amerogwa. Baadhi yao, aibu iliyoje, wana vyeti vya ualimu! Msomaji, usiwasadiki. Ini ndilo lililoharibika, na mmoja wa waharibifu wake wakubwa ni kirusi cha homa ya ini aina ya B, kikaacho mwilini hata miaka 20 au 30 pasipo kishindo. Hujinakili kama mwanafunzi anayenakili ubaoni bila wa kumsahihisha. Makosa hubaki katika jeni zake, na baadhi ya makosa hayo huandamana na saratani ya ini. Nasi twakiongezea silaha: mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, yakaota ukungu. Sumukuvu na kirusi vikikutana katika ini moja, hatari huzidi maradufu.

Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto wachanga wa Kenya mwaka 2001. Wazazi wako walizaliwa kabla, nami mwalimu wako pia. Waulize kama wamepimwa damu. Wakijibu kwamba hawaumwi popote, waulize tena.