Mtoto Ashindwaye Darasani

Wengi wetu mtoto akileta alama mbaya za Hesabu twakimbilia kumtafutia mwalimu wa Hesabu. Twaona hiyo ni pupa. Huku Tanzania Bara mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya serikali, akiingia Kidato cha Kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Pengine hesabu aijua, swali ndilo asilolielewa. Mpeni swali lile lile kwa Kiswahili. Akilijibu, mtafutieni mwalimu wa lugha, tena mwenye wanafunzi wachache (wale wajazao chumba ada yao si haba, na mtoto wako hawamjui jina). Nasi tushikao kalamu ofisini mchana kutwa, twashindwaje kukaa naye saa moja jioni, asome kwa sauti nasi tukimsikiliza, kabla hatujamwita mjinga?