Kabla ya Sikio Kusafishwa

Juma hili tumepokea swali kutoka Garsen, nasi tumelitanguliza mbele ya mengine kwa kuwa Ramadhani i karibu na mwenye swali ana haraka. Kijana anaeleza kwamba babake, mzee wa miaka sabini na kitu, sikio lake la kulia limeziba kwa miezi kadhaa. Mzee ameacha kuhudhuria darsa ya baada ya Alasiri kwa kuona haya ya kuuliza kila mara kumesemwa nini, na nyumbani wajukuu wameanza kumwita kiziwi. (Hilo nalo wakanywe.) Siku za soko hutokea mtu mwenye kijichuma na bomba la maji, asafishaye masikio ya watu kivulini kwa malipo madogo. Je, ampeleke mzee kwake? Na je, dawa ya matone hubatilisha saumu? Kisha mwishoni, kana kwamba si kitu, kijana ametaja kuwa utotoni sikio hilo lilikuwa likitoka usaha.

Maneno hayo ya mwishoni ndiyo yaliyotushtua. Asimpeleke.

Nta ya sikio si uchafu, ingawa ndivyo tulivyozoea kuiita. Hutengenezwa na tezi zilizo sehemu ya nje ya njia ya sikio, nayo hunasa vumbi na wadudu, huilinda ngozi na maji, kisha aghalabu hutoka yenyewe kwa mwendo wa ngozi na wa taya tunapotafuna na kusema. Kwa watu wa nchi ya vumbi kama Tana River, hiyo ni neema. Huziba kwa baadhi ya watu, hasa wazee ambao nta yao imekuwa kavu, na wale wasioacha kuchokora. Unyoya wa kuku, chupio, njiti ya kiberiti, hata vile vijiti vya pamba viuzwavyo madukani, hutoa nta kidogo na kuishindilia iliyobaki ndani zaidi, mpaka ikafika kwenye kiwambo. Na kiwambo ni ngozi nyembamba mno.

Mtu aliyetokwa na usaha utotoni huenda kiwambo chake kina tundu hadi leo, na asijue. Maji yakisukumwa kwa bomba yatapita tunduni humo na kuingia sikio la kati pamoja na vijidudu, yamletee maumivu, kizunguzungu na usaha upya. Kwa hiyo jambo la kwanza si kusafishwa bali ni kuangaliwa kwa kifaa chenye taa na mtu aliyesomea. Huenda ikaonekana kuwa si nta kabisa. Mafuta nayo yana sharti hilohilo. Kiwambo kikiwa kizima, matone mawili matatu ya mafuta ya zaituni yasiyopashwa moto, mara mbili kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, huilainisha nta, na mara nyingine hiyo peke yake hutosha. Katika siku hizo sikio laweza kuzidi kuziba, mgonjwa asiogope. Lakini kwa mzee wetu huyu hata mafuta yasubiri.

Akiisha kuangaliwa, mtaalamu atachagua njia. Akitumia maji, yawe vuguvugu kama joto la mwili, nyuzi 37 hivi, kwani maji ya baridi au ya moto hukisumbua kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio, na mgonjwa akaona chumba kinamzunguka. Ipo njia ya kunyonya nta kwa mrija mwembamba bila maji. Hiyo ndiyo ifaayo zaidi kwa kiwambo kilichotoboka. Mrija hupiga kelele nyingi, basi mzee aambiwe mapema asije akashtuka na kugeuza kichwa. Naye aseme kabla hajaguswa: kama ana kisukari, kama hutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aliwahi kupasuliwa sikio, kama sikio la pili halisikii vizuri. Akihisi maumivu makali, aseme isimamishwe. Haya si ya kustahimili.

Kijana aanzie kituo cha afya cha Garsen, aombe rufaa ikihitajika. Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea hasa masikio, pua na koo. Aulize Hola au Malindi siku wanayoonana na wagonjwa, kwani Malindi ni zaidi ya kilomita 100 na nauli ya watu wawili si mchezo. Ama mtu ambaye usikivu wake umepotea ghafla, kwa siku moja au mbili, huyo asingoje mafuta wala siku ya kliniki, aende mara moja.

Kuhusu yule wa sokoni, mafakihi wamesema kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hudhamini anachoharibu. Lakini dhamana hairudishi kiwambo.

Tuje kwenye saumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, ni kuwa kudondosha kitu ndani ya sikio hufunguza. Imam Ghazali aliisahihisha kauli ya pili, kwamba hakufunguzi. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jidda, mwaka 1418 Hijria (1997), liliamua kuwa matone ya sikio na kuoshwa sikio havibatilishi saumu, maadamu mtu hamezi kilichofika kooni. Kiwambo kizima hakipitishi kitu. Kilichotoboka chaweza kupitisha hadi kooni. Kwa hiyo fakihi naye anauliza swali lile la tabibu. Nasi twamnasihi mzee aende sasa, kabla mwezi haujaandama, na akilazimika kutia matone katika Ramadhani, ayatie usiku.

Josho la faradhi lisimtie hofu. Kinachopasa ni maji kufika kwenye mikunjo ya sikio na sehemu ya tundu inayoonekana. Kuyaingiza ndani si wajibu. Aikusanye mikunjo kwa kiganja chenye maji, ainamishe kichwa upande huo, inatosha. Wallahu aalam.